Lengalenga Iliyobaki Imesimama

Kavira, binti yangu, mama yangu mudogo,

Umeenda parokiani kuaga watu wa korali, na ninajua hautarudi mbio, maana kule hakuna anayeaga kwa neno moja. Nimekaa karibu na mlango, mahali mwanga unafika, na mvua imeanza kupiga mabati. Habari za blanketi, sabuni na namba ya shoferi nimekwisha kukuambia kwa kinywa, mpaka ukachoka ukasema, "Mama, nimesikia, hata blanketi lenyewe limesikia." Hayo basi ninayaacha. Hapa ninaandika yale ambayo kinywa changu kilikataa wiki hii nzima, kila nilipokuona unakunja nguo.

Kesho unapanda gari kwenda Lubero kwa mujomba wako Paluku, ndugu yangu, kulima shamba walilotuachia baba na mama. Yeye amezeeka, miguu imemvimba, na watoto wake wote wako Kampala kwenye biashara. Ni yeye aliyekuomba. Mahindi upande wa chini, ngano upande wa juu, na udongo mweusi ambao mutu hajauharibu bado. Hilo ndilo shamba la mwisho la familia yetu. Langu la kule Kiwanja, tulikotoka, limekwisha, na hili nalo likikwisha, watoto wako watanunua unga kwa kopo kama mimi ninavyoununua hapa Goma, mtaa wa Majengo.

Hapa mtaani kila mutu anaamini ni vita iliyotutoa Kiwanja. Sijawahi kukataa. Vita imebebeshwa lawama nyingi, nikaona moja zaidi haitaielemea. Lakini nimekusikia wewe ukiwaambia rafiki zako habari ile ile, na inaniuma kusikia uongo wangu kwenye kinywa chako. Vita ilifika Kiwanja ikakuta sisi tumekwisha kuhama. Kilichotutoa ni majani, magugu ya shambani. Na majani yale, mimi ndiye niliyeyalea.

Umeniuliza mara ngapi kwa nini nyumba hii hatupiki lengalenga, mchicha huu wa kila mutu? Jirani wote wanapika. Sombe ya majani ya muhogo ikipanda bei, hata wenye magari wanakula lengalenga na visamaki vya sambaza. Nilikuambia inaniumiza tumbo. Tumbo langu halina ugonjwa wowote. Ni hasira tu, na aibu, nikiiona kwenye sufuria ya mutu inanirudisha kule.

Wakati ule, Kiwanja, tulipalilia kwa zamu, wamama wa mtaa mmoja. Leo kwangu, kesho kwa Mama Furaha, kesho kutwa kwa mwingine, mpaka mashamba yote yamepita, kisha tunaanza tena. Mwenye shamba anapika viazi na maharagwe, basi. Mama Furaha ndiye alituongoza. Alikuwa mwanamke murefu, mwenye kinywa kikali. Akikuona umeruka jani, anarudi nyuma, analing'oa yeye mwenyewe na kukuwekea begani. Utatembea na jani lako begani mpaka mwisho wa mstari, watu wakikucheka. Begani kwangu yalikaa mengi, maana siku zote nilikuwa mutu wa haraka.

Sitakuimbia sifa za jembe. Kazi ile ilikuwa inauma. Baba yako, Mungu amulaze pema, alikuwa kwenye malori, anarudi siku anapopenda, na mimi nilikuwa na wewe mgongoni na mudogo wako tumboni. Basi muuzaji mmoja wa dawa pale sokoni aliponiambia kuna dawa unayopulizia, majani yanakufa na mahindi yanabaki, sikumuuliza hata swali moja. Alisema, "Mama, jembe ni la nyanya yako." Neno lile lilinifurahisha kuliko dawa yenyewe. Nilitaka kuwa mutu wa leo.

Nilipulizia. Baada ya siku chache majani yalianza kugeuka njano, kisha yakalala. Mahindi yakabaki peke yake, yamepangana vizuri kama watoto wa shule kwenye mstari. Nilitoka asubuhi nikayaangalia nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaona mchana mzima uko mbele yangu na hakuna anayeudai.

Jioni moja Mama Furaha akapita, kama desturi, kuniambia kesho ni zamu ya kwangu. Nilikuwa kwenye mkeka, nimenyoosha miguu. Nikamwambia, "Kwangu hapana tena. Muende mupumzike." Nilisema nikicheka. Yeye hakucheka. Aliangalia shamba, akaangalia miguu yangu, akasema, "Sawa, Mama Kavira," akaenda zake. Na kwa vile wao hawakuja tena kwangu, mimi nami sikuenda kwao. Baadaye mwingine akanunua dawa, na mwingine, mpaka zamu ikafa bila mutu kuizika.

Usije ukafikiri nakuambia dawa ni shetani. Misimu ile ya kwanza tulikula vizuri, na mabati ya nyumba ya Kiwanja yalitoka kwenye mahindi yale. Ubaya ulikuwa mikononi mwangu. Tulikuwa tunanunua bidoni moja ya dawa wamama wawili, tunagawana, na ili itoshe kila mmoja anaongeza maji, kama unavyoongeza maji kwenye mboga wageni wakizidi. Majani dhaifu yalikufa, ndiyo. Yenye nguvu yaliugua kidogo, yakapona. Musimu uliofuata, dawa ni ile ile. Uliofuata tena, ile ile.

Ikafika musimu nikaona, pembeni ya njia inayoshuka mtoni, lengalenga chache za pori zimesimama, zile za shina jekundu. Kila kitu kingine kimekauka, rangi ya tumbaku, na zenyewe mbichi, majani mapana, hazina hata doa. Mutu mwenye akili angejiuliza zimeponaje. Mimi nilimshukuru Mungu. Nilisema, dawa hii ina akili, inaua majani na inatuachia mboga.

Nilikuita uje uone. Ulichuma kwa mikono yako midogo, ukajaza kikapu, na tukapika na karanga. Baba yako alikuwepo siku hiyo, akalamba vidole. Nikakukataza usichume zile kubwa kubwa. Nikasema hizo tuziache zitoe mbegu. Unaona? Katika shamba zima dawa ilinionyesha adui yangu kwa kidole, mmoja mmoja, na mimi nikachagua walio na afya kuliko wote nikawatunza.

Tena sikutosheka. Jumapili ya matoleo ya mavuno, wengine walibeba ndizi, wengine kuku, mimi nikabeba fungu la lengalenga kichwani nikacheza nalo mpaka altareni. Watu walipiga vigelegele. Wachuuzi waliokuwa wanapita na samaki kutoka Vitshumbi nikawauzia mafungu, na mbegu nikawapa bure. Nyingine nikafunga kwenye pindo la kitenge, nikampa shoferi amfikishie mama yangu Lubero, apande nyuma ya jiko. Nilijiona mutu mwenye mkono wa baraka.

Wewe hauzijui mbegu zile. Ukipukutisha kichwa kimoja kwenye kiganja unafikiri umeshika mchanga. Hauwezi kuzihesabu na hauwezi kuziokota. Musimu uliofuata hazikuwa pembeni ya njia tena, zilikuwa katikati ya mahindi, na uliofuata sikuweza kuona udongo. Ziliota pamoja na mahindi, zikayapita kimo, zikanywa maji yake na kuyafunika jua. Nilipulizia, zikatikisa majani. Nikaongeza dawa mara mbili, mahindi yakaumia, zenyewe zikatikisa majani. Mchuma janga hula na wa kwao, na kweli mwaka ule mulikula lengalenga asubuhi na jioni, maana mahindi niliyovuna yalikuwa vidole vya mutoto.

Nikarudi kwa muuzaji kumgombeza. Akanipa chupa nyingine, yenye picha ya simba, akasema hii ni kali. Haikufanya kitu. Akanipa yenye kibandiko chekundu. Vile vile. Ilipita miaka kabla agronomu, bwana shamba mmoja kijana, hajaniomba nimletee zile chupa tupu. Alizigeuza, akanisomea maandishi madogo ya nyuma, ya Kifaransa. Zote tatu zilikuwa dawa moja, majina tu yanabadilika. Mimi nilikuwa nabadilisha chupa. Wewe umesoma, Kavira, Kifaransa unakijua kuliko padri. Simba wa mbele muache angurume, soma nyuma.

Huyo kijana ndiye aliyenieleza pia kitu ambacho hakijanitoka. Nilimwambia, "Dawa imeyafundisha majani ubishi." Akasema, "Hapana, mama. Dawa haifundishi. Kati ya maelfu alikuwepo mmoja aliyezaliwa mubishi, haumjui. Umemuulia ndugu zake wote, ukamuachia shamba." Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa. Laiti angenitukana.

Ndipo nikamkumbuka Mama Furaha. Nilijua hakuna dawa itakayoniokoa, ni mikono tu, mikono mingi, kung'oa moja moja kabla ya kuchanua na kuzitoa nje ya shamba kuzichoma. Peke yangu ningemaliza mwaka. Nikaenda kwake. Alikuwa anapepeta maharagwe, hakusimama.

Nikamwambia, "Dada, turudishe zamu. Tuanze kwako."

Akapepeta kwanza, akapuliza maganda, ndipo akajibu. "Mama Kavira, ulituambia tupumzike. Tumepumzika."

"Nilikosea."

"Ulikosea, ndiyo. Na mimi mgongo wangu umekwisha kusahau. Wengine wako wapi? Mmoja yuko Beni, mmoja amekufa, wengine shamba lao ni kama lako. Nitamuita nani?" Kisha akanipa kikapu cha maharagwe nipelekee watoto. Nilikipokea. Nilichukia kukipokea, lakini nyumbani mulikuwa na njaa.

Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo kuliko mahindi. Majani yakirudi unaweza kupambana nayo ukiwa na watu. Mimi niliwafukuza watu wakati shamba lilikuwa safi, halafu nikawatafuta wakati limeoza. Ukifika Lubero utakuta wamama wanaopalilia pamoja, mujomba wako ameniambia bado wapo. Watakuita. Shamba lako litakuwa safi, utakuwa na hamu ya kulala, na utasema moyoni, kwa nini niende kuinama kwenye majani ya wengine? Nenda. Hata ukiwa na dawa ndani ya nyumba, nenda. Wakikuwekea jani begani, libebe.

Siku za mwisho za Kiwanja hautaki kuzijua. Niliwafungulia mbuzi wa jirani wale lengalenga, nikifikiri nimepata werevu. Wakala, wakashiba, wakazunguka mtaa mzima, na kila walipokunya paliota. Jirani wakaanza kunisalimia kwa upande mmoja wa kinywa. Baba yako aliporudi safari yake ya mwisho alisimama ukingoni mwa shamba, akasema, "Hapa tulikuwa na mahindi." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Tukampa shamba mwenye ng'ombe mmoja alishie, tukaja Goma na magodoro juu ya lori, na watu wa Majengo walipotuona wakasema, masikini, vita. Nikainamisha kichwa kama mutu aliyefiwa.

Sasa nikuambie kuhusu mujomba wako, maana utaishi naye, na utamuona ni mutu mukavu.

Alikuja Kiwanja kwa ubatizo wa mudogo wako, tuliouchelewesha, wakati zile lengalenga zilikuwa zimekwisha kufika kiunoni. Alizunguka shamba, mikono nyuma. Akaniuliza, "Hii ndiyo ile mbegu uliyomtumia mama?" Nikasema ndiyo. Tulikuwa hatujakata hata kuku wa sherehe. Akachukua kofia yake, akatafuta gari, akarudi Lubero siku hiyo hiyo. Mimi nikakasirika, nikawaambia wageni ndugu yangu ana roho mbaya.

Kumbe alienda moja kwa moja nyuma ya jiko. Mama alikuwa amekwisha kuvuna mara moja, na nyingine zilikuwa zinachanua. Alizing'oa zote, akachimba udongo wa pale mpaka kufika kwenye mawe, akauchoma pamoja na kikapu cha mbegu alizovuna mama. Mama alinipigia simu akimshitaki, "Ndugu yako amepata wazimu, anang'oa mboga." Nikacheka naye. Miaka iliyofuata, kila mvua ikianza, Paluku anapiga magoti nyuma ya jiko kutafuta zilizobaki. Watu walimcheka kijijini. Ni kwa sababu hiyo udongo unaouendea kesho ni mweusi na safi. Mimi nilituma maangamizi yakiwa yamefungwa kwenye kitenge, na yeye akayazuia kwa magoti yake.

Kwa hiyo akikuambia kagua mbegu zako za mahindi punje kwa punje kabla ya kupanda, usimuone muzee msumbufu. Akikuambia baada ya mahindi panda maharagwe, na wewe unaona bei ya mahindi ni nzuri, msikilize. Yeye dawa hutumia pia, lakini kwa kipimo kamili, majani yakiwa bado madogo, na hatumii aina moja mara mbili kufuatana. Halafu anapita nyuma ya dawa kwa miguu. Hicho ndicho ambacho mimi sikufanya hata siku moja. Nilipulizia nikageuza mgongo.

Utakapofungua mizigo utaona jembe langu halimo, na vile viatu vya mpira. Nimevitoa mimi. Kwenye tundu la jembe, mpini unapoingia, kuna udongo wa Kiwanja umekauka miaka yote hii, na nikaukwangua kwa kisu, lakini siamini kisu changu. Nenda mikono mitupu. Kule kuna majembe.

Nimebaki na jambo moja. Wewe unafikiri ninabaki Goma kwa sababu ya meza yangu ya sokoni. Sivyo. Nilimuomba Paluku tuje wote wawili. Nilimwambia kwenye simu, "Niko na mikono bado, nitamsaidia mutoto." Akasema, "Mutoto aje. Wewe hapana."

Nilifikiri ni mambo ya udongo. Nikamwambia nitavua viatu barabarani, nitaoga, nitavaa nguo mpya. Kisha akasema, taratibu, na ndicho kilichoniumiza, kwamba alisema taratibu, "Dada, siogopi viatu vyako. Naogopa mkono wako. Wewe ukiona kitu kimebaki hai, unakihurumia."

Nilikata simu. Nililia kwa hasira, nikamtukana mbele ya sufuria zangu. Shamba ni la baba yangu pia. Nilicheza pale kama yeye alivyocheza. Lakini alichosema ni kweli. Ninajijua. Leo hii nikiona lengalenga moja imesimama peke yake kwenye shamba lililokauka, kitu ndani yangu kinasema, iache, imeteseka. Sikupi ruhusa ya kumchukia mujomba wako kwa sababu yangu. Nachukia vya kutosha mimi peke yangu, na hata hivyo najua ana haki.

Wewe hauna mkono huo. Nimekuangalia. Ukichambua mchele unatupa punje mbaya bila kuitazama mara mbili, na mimi nilikuwa ninakuona una roho ngumu. Bakia nayo.

Mama yangu wamemzika juu kabisa, pale ngano inapoishia. Siku ya mazishi njia ilikuwa imefungwa, sikufika, na kaburi lile sijaliona mpaka leo. Miguu ya Paluku haimfikishi tena kule, na lazima majani yamelifunika. Ukimaliza mstari wa mwisho wa ngano usishuke mara moja, panda kidogo. Piga magoti, upalilie na pale. Ng'oa kila kibichi unachokiona, hata kama ni kizuri. Halafu mwambie nyanya yako asiogope, ni mkono wako, si wangu.

Mama yako